Dresa na Majeshi ya Vizibo

Kwa miaka miwili niliishi nikiamini kwamba nimempofusha mtu bora kuliko wote niliopata kuwajua pale Bagamoyo, na kwamba nilimpofusha kwa vizibo vya chupa. Nalisema mapema ili msomaji asije akanipenda kwanza halafu akajuta.

Jina lake siliandiki. Hata sisi tulioshinda barazani kwake hatukulitumia. Alikuwa Dresa tu, kwa sababu alifunga vidonda zahanati tangu enzi za Mwingereza, uhuru ukaja ukamkuta na beseni mkononi, akaendelea kufunga. Alipostaafu, wagonjwa hawakukubali. Mtu akijikata na jembe huko Zinga, alipita mbele ya zahanati bila kugeuza shingo, akaja kugonga kwa Dresa. Unamkuta kavaa msuli na shati jeupe lililopigwa pasi, kofia kichwani, mkasi umechungulia mfukoni.

Mimi alinipa jina la Nusu. Nilisoma mpaka darasa la sita, na hilo la sita sikulimaliza. Chuo cha Kurani nilifika juzuu ya pili nikatoroka. Nilijifunza useremala, viti vyangu vikawa na miguu mitatu imara na mmoja wa kuombea dua. Dresa aliwaambia watu, huyu kila kitu chake kinafika katikati kisha kinapiga magoti. Sikukasirika. Hata kukasirika nilikuwa naanza tu, simalizi.

Sasa vizibo. Zamani dawa za zahanati zilikuja kwa chupa, na chupa zilikuja na vile vizibo vyepesi vya gome, vinavyoelea majini. Wenzake walivitupa. Dresa alivitia mfukoni, na kwa miaka mingi, akitumia kisu kidogo cha kupasulia majipu, alivichonga vikawa askari. Mwenye mkuki alichomekewa njiti ya kiberiti. Mpiga upinde alifungwa uzi wa kushonea vidonda. Mpiga ngoma alikuwa na mbaazi tumboni. Mchota maji alilazwa ufito begani, ndio mzegazega wake, na ushanga mmoja huku na mmoja huku badala ya madebe. Zimwi lilikuwa vizibo vitatu vilivyobandikwa, na kichwa cha ziada. Na joka! Joka lilikuwa vizibo kumi na vinne kwenye uzi mmoja, mabawa ya shashi iliyochovywa kwenye nta, na ukilishika mkiani lilitikisika lote mpaka kichwani kama mtu aliyeambiwa habari mbaya.

Jeshi moja alilipaka dawa ya zambarau, ile ya vidonda vya mdomo. Jeshi la pili alilipaka ayodini. Ndiyo maana baraza lake lilinuka hospitali, na ndiyo maana mpaka leo nikipata mkwaruzo nikapakwa ayodini, nasikia kiu ya vita.

Wote hao hawakuwa na nyuso. Walipoanza kujulikana mtaani, kuna waliosema Dresa anafuga masanamu, na malaika hawaingii nyumba yenye masanamu. Mwalimu wa chuo akaja mwenyewe kukagua, kavaa joho kabisa. Dresa akawamwaga askari wote kwenye jamvi kutoka bati la biskuti walimokaa. Mwalimu akamwokota mmoja, akamgeuza, akatafuta macho, akakosa. Akatafuta mdomo, akakosa. Akamnusa. Akasema hiki ni kizibo. Kisha akauliza yule mwenye mabawa ni nani, akaelezwa, akauliza anaruka shibiri ngapi. Mwalimu aliondoka alasiri ikiwa imeshaadhiniwa, na tangu siku hiyo hakuna aliyesema neno juu ya malaika.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Jamvi ndiyo nchi. Vifuu vya nazi ndiyo milima. Katikati kuna kifuniko cha kopo la dawa, hicho ni kisima. Anayekalisha mtu wake kisimani zamu tatu mfululizo ndiye mshindi, basi. Kabla ya vita kila mmoja anapewa komwe arobaini, zile mbegu za bao, za kununulia jeshi. Mkuki ni komwe moja. Mpiga upinde mbili. Mchota maji mbili. Mpiga ngoma tatu. Farasi nne. Zimwi kumi. Joka ishirini. Watu wanatembea shibiri moja kila zamu, joka linaruka shibiri tatu. Wakikutana, mnarusha kauri nne, na anayefunua nyingi anabaki amesimama. Askari akipigana mara mbili bila kufikiwa na mchota maji, analazwa chini kwa kiu, hata kama ni zimwi.

Ukiniuliza Dresa alikuwa fundi wa nini, nitakwambia kwa kidonda wachache walimzidi, lakini kuchagua jeshi hakuna aliyemkaribia. Na alikuwa na tabia moja ya ajabu: alikufundisha huku anakuchinja. Unakaa mbele yake, jeshi lako linateketea, naye anakueleza kwa upole ungenunua nini ili asikufanyie hivyo anavyokufanyia.

Mimi nilinunua joka kila mara. Joka, zimwi, na mikuki kumi ya kusindikiza. Nikilipanga jeshi langu linatisha mpaka mimi mwenyewe narudi nyuma kidogo. Dresa ananiuliza taratibu, "Nusu, kazi ni nini hapa?"

"Kushinda, Mzee."

"Kazi ni kisima. Haya, nani kati ya hawa wako anaweza kukaa kisimani? Joka si mtu. Zimwi si mtu. Umetoa komwe thelathini kwa wasioweza kazi."

Alikuwa na mpangilio wake. Uliza kwanza nani atakaa pale. Halafu nani atamfikisha. Halafu nani atampa maji akishafika. Ukimaliza hayo, komwe zikibaki, nunua joka ujifurahishe. Hazikubaki hata siku moja. Mkuki mmoja, alisema, ni wa kufa, lakini mikuki sita ikibanana ni ukuta, na ukuta kwa komwe sita ni rahisi. Mpiga upinde mweke nyuma ya mtu, ukimweka mbele ni kuni. Farasi anafika mapema, tena peke yake, na anayefika vitani mapema na peke yake anaitwa maiti. Mpiga ngoma hajaua mtu, ila walio karibu naye hatua zao huongezeka vidole viwili, na vidole viwili alivihesabu Dresa kama vile wengine wanavyohesabu shamba.

Yote haya nilikuwa nayajua kwa moyo. Ningeweza kumfundisha mtu. Kisha bati linafunguliwa, naliona joka, mkono unakwenda wenyewe.

Sefu wa duka la vitambaa, ambaye babu zake walitoka Maskati na yeye akatoka na ulimi mrefu kuliko mtandio, alikuwa ndiye mchezaji wa pili kwa ubora. Alizoea kusema kwamba Nusu hanunui jeshi, anaposa. Na kweli nilikuwa nalitazama lile joka kwa jicho hilo.

Nimeshasema alikuwa mpole. Basi huo upole uliishia mlangoni pa zahanati. Mji mzima uliogopa sindano yake, na alikuwa na hila: anakuuliza jambo, na kabla hujajibu, imeshaingia. Mama kapika nini leo? Unafikiri, chwi, tayari. Watu wazima wenye watoto wao, ukiwauliza ghafla mama kapika nini wanashika makalio. Na mtu huyohuyo, aliyewachoma watu maelfu bila kupepesa, aliogopa sindano kuliko sisi wote. Tuliligundua siku walipokuja watu wa ndui kuchanja mtaa mzima. Dresa alipotea. Bi Zuhura, mkewe, alimkuta chooni, kafunga komeo, anasema tumbo. Alikaa humo mpaka gari la chanjo likaondoka, na alipotoka akawakemea watu waliokuwa wakisugua mikono yao iliyochanjwa, akawaambia waoshe vizuri.

Alikuwa bahili wa sabuni, mpotevu wa sukari. Alichukia kuchelewa, lakini kwenye mchezo aliweza kutazama jamvi kwa muda wa kuchemsha maharage. Hakupenda hadithi za vita, ingawa alipelekwa Bama, kwenye vita vya Mwingereza, kubeba machela na akarudi na kovu shingoni. Nilimsikia akisimulia kisa kimoja tu, mara moja tu. Alisema aliona mtu wa upande wa pili akivuka uwazi na mitungi miwili ya maji, na wa upande huu wakaacha kupiga risasi, na wa upande ule nao wakaacha, mpaka akapita. Tukangoja aendelee. Akarusha kauri, akasema zamu yako.

Ila tangu zamani sheria yake ilikuwepo: mchota maji hapigwi. Ukikutana naye jamvini unampisha. Wengine waliona ni sheria ya bure, kwa sababu mchota maji mwenyewe hapigani, kwa hiyo walinunua mmoja au wawili, basi.

Mtoto wa jicho alianza kumwingia tulipokuwa bado tunabishana nani mrefu kati yangu na Sefu. Mwanzoni aliuliza kwa nini siku hizi jioni inaingia mapema. Halafu akaanza kuwachanganya wa zambarau na wa ayodini. Halafu tukaona hatazami tena jamvi, anapapasa. Vidole vyake viliwajua wote: hapa njiti, hapa uzi, hapa mbaazi, hapa shanga mbili. Alitushinda vilevile. Sefu akasema afadhali sasa, alipokuwa anaona alikuwa anatushinda upesi zaidi.

Lakini Bi Zuhura aliona yale tusiyoyaona. Alimwona akimwaga chai nje ya kikombe na kuifuta kwa mkono ili isijulikane. Alimwona akifunga kidonda cha mtoto akaacha nusu yake nje. Hilo la mwisho lilimkata maini, kwa sababu mtoto alirudishwa siku ya tatu mguu umevimba, na Dresa hakula siku hiyo wala ya pili yake. Daktari mmoja aliyepita zahanati alishasema: Dar, hospitali kubwa, wanalipasua jicho, unaona tena. Ukichelewa sana mtoto wa jicho atakomaa, itakuwa basi tena.

Dresa alikataa. Alitoa sababu kumi, zote za uongo. Ya kweli tuliijua. Kupasuliwa jicho kunaanza na sindano, na sindano yenyewe ni ya jichoni.

Siku moja baada ya alasiri, baraza limejaa, kahawa inapita, Bi Zuhura akatoka mpaka kizingitini akamwuliza mbele za watu, bwana wee, utakwenda lini? Haikuwa desturi yake kumsemesha hivyo hadharani, na sote tukatazama vikombe vyetu. Dresa akaona aibu, akataka kuigeuza iwe mzaha.

"Siku Nusu atakaponishinda," akasema, "siku hiyo nitakwenda."

Watu wakacheka mpaka muuza kahawa akaweka dele chini. Ni kama angesema siku kuku atakapoota meno. Mimi nilicheka kuliko wote. Aliyekuwa hacheki ni Bi Zuhura.

"Mmesikia nyote," akasema. "Na wewe umeswali sasa hivi." Akaingia ndani.

Neno la mtu mzima, mbele ya baraza, udhu haujakauka. Dresa aliujua uzito wake. Akasema tucheze Ijumaa baada ya swala, na akaniambia nisiwe na wasiwasi, ataniachia mikuki yangu michache mpaka mwisho nisione haya.

Kesho yake nilikuwa nawachotea maji pale kwao, kama nilivyozoea, kwa kuwa Bi Zuhura alinilisha. Akanisimamisha uani, mzegazega bado uko begani, madebe yananing'inia. Akaniambia, "Mwanangu, mimi sijui hayo madude yenu. Najua tu akipofuka atakaa kwenye kiti kile na hatasema neno mpaka afe. Usinunue lile dubwana lako. Nakuomba."

Nikamwambia hata bila dubwana siwezi, Mama, Sefu mwenyewe hawezi. Nikaenda kisimani, nikajaza, nikawa narudi nimechanganyikiwa kwenye kile kichochoro chembamba cha nyuma ya nyumba. Na kichochoro kile kina desturi yake, kama vyote vya mji ule: mwenye maji begani hapishi mtu, anapishwa. Unasema tu, maji haya! Watu wanajibana ukutani, hata wazee, hata bibi harusi. Siku ile alinipisha mwalimu wa chuo, akanipisha Sefu na jora la kitambaa, na kwenye kona akanipisha Dresa mwenyewe, aliyekuwa akijongea kwa kupapasa ukuta. Alisikia madebe yakilia, akajibana. Hakujua ni mimi.

Nikaenda hatua kumi mbele. Nikasimama. Maji yakanimwagikia miguuni.

Ijumaa baraza halikutosha, watu wakakaa mpaka barabarani. Desturi yetu ni kwamba kila mtu hununua akiwa amegeuza mgongo, kisha mnapanga, kisha mnatazamana majeshi ndipo mnaanza. Na atazamaye hasemi, hata mchezo ukimwunguza. Nikanunua mikuki minne. Zilizobaki, komwe thelathini na sita zote, nikanunua wachota maji. Kumi na wanane. Wengine ilibidi nikope wa zambarau niwapake ayodini siku iliyotangulia, na kwa uhaba wengine niliwachonga mwenyewe, ndio maana walikuwa wamekaa upande kidogo.

Nilipowapanga, niliwaona watu wakivutana kanzu. Sefu alifungua kinywa, akakifunga, akakizuia kwa mkono. Ikafika saa ya kutazamana majeshi. Mtu mwenye macho angeinua uso, angeona msitu wa mizegazega mbele yake, angecheka, angewahi kukikalia kisima kwa mikuki yake kumi na miwili, na mimi ningerudi nyumbani. Dresa angeweza pia kunyoosha mkono akapapasa upande wangu. Lakini watu walikuwa wengi, na hakutaka wamwone akipapasa. Aliinua uso, akaelekeza kule nilikokaa, akatikisa kichwa kama mtu aliyeona.

"Joka lako umeliweka kushoto leo?" akauliza.

Nikasema, "Mimi nimeshapanga, Mzee." Na huo ndio ulikuwa uongo wangu, kama ni uongo.

Tukaanza. Aliweka wapiga pinde pembe zote kulingoja joka. Aliigawa mikuki yake makundi mawili ili joka lisiipate pamoja. Aliwarudisha farasi nyuma ya kifuu, wajifiche na mabawa. Ulikuwa mpango mzuri kuliko wote niliopata kuuona kwake, na kila zamu nilisema nimesogea, naye anasogeza watu wake kwa vidole, anakwepa, anazunguka, anamtega mnyama ambaye alikuwa ndani ya bati la biskuti, mfuniko juu. Nilitamani kusimama niseme basi. Wachota maji wangu walikuwa wanakwenda shibiri moja, shibiri moja, katikati.

Zamu ya sita wakafika ukingoni mwa kisima. Ya saba mmoja akakaa ndani, wengine wakajaa pembezoni pote. Ya nane Dresa alianza kusita. Aliuliza mbona hupigi. Nikasema nimesogea, Mzee. Akanyoosha mkono polepole kuelekea kwenye kifuniko.

Vidole vyake vikagusa ushanga. Vikahamia kwa wa pili yake, ushanga. Wa tatu. Akawapitia mmoja mmoja, wote kumi na wanane, na nilimwona akiwahesabu kwa midomo. Aligusa hata wale wangu waliopinda, akawanyoosha.

"Joka liko wapi?"

"Sikulinunua, Mzee."

Akakaa na mkono wake juu ya kisima.

"Basi nilikuwa napigana na nani?"

Hakuna aliyecheka, na pale walikuwapo watu wanaocheka msibani. Zamu ya tisa nilitakiwa kusema nimesogea ili nishinde, na neno lilinigoma. Sefu ndiye aliyenigusa kwa goti. Nikalisema.

Dresa akaokota komwe zake moja moja akazirudisha kwenye mfuko. Kisha akaita ndani, "Bi Zuhura, nitafutie kanzu ya safari." Na kwangu akasema jambo ambalo nililibeba kama jiwe: "Umechagua vizuri. Sasa uombe Mungu na daktari awe amechagua vizuri."

Tulikwenda Dar wote watatu, mimi, yeye na Bi Zuhura. Njia nzima alikuwa amenishika mkono wa shati, akijifanya ananizuia nisianguke. Hospitalini, nesi alipoingia na kitu kimefunikwa kwenye sahani, Dresa alitaka kwenda chooni. Nikainama sikioni mwake nikamwuliza, Mzee, leo Bi Zuhura atapika nini? Akaanza kusema samaki wa kupaka, na neno kupaka likatoka kubwa kuliko kawaida. Akanitukana tusi la Kikwere ambalo sikujua kama analijua.

Siku ya kufungua bendeji nilifika mpaka ngazi ya tatu. Nikamsikia mtu akilia wodini. Sikujua ni nani, ilikuwa hospitali, watu hulia. Lakini mimi nilijiambia ni Bi Zuhura. Nikageuka, nikashuka, nikaenda zangu, nikapata kibarua cha kupiga randa kwenye karakana moja ya mbao, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu kitu nilichokianza nilikifanya kikamilifu: kukimbia. Sikurudi Bagamoyo. Sikuandika barua. Miezi michache baadaye nilikutana na mtu wa kwetu sokoni, nikamwuliza habari za mji kwa kuzungukazunguka, wapi mvua, nani kaoa, mpaka nikafika nilikotaka. Akasema, Dresa? Yupo, maskini. Nimemwona juzi anashikwa mkono barabarani.

Sikumwuliza zaidi. Nilikuwa nimeshapata jibu langu. Miaka miwili nililala nalo. Nikipiga randa naona vidole vinahesabu shanga. Nilijiambia, angekaa na mwanga wake mdogo ule, angecheza mpaka mwisho, ila wewe Nusu siku moja tu katika umri wako ukaamua kuwa na akili.

Mwisho mama yangu alinitumia salamu za mwisho mwisho, kwamba asiponiona Idi hii atanihesabu marehemu. Nikapanda basi. Basi lilipofika Zinga, ujasiri ukaisha kabisa, nikashuka na mzigo wangu. Nikakaa kwenye kibanda cha chai, nikanywa cha kwanza, cha pili, cha tatu. Mabasi mawili ya Bagamoyo yalipita nikiyatazama. Mwenye kibanda akaniuliza kama nimekuja kununua nyumba.

Ng'ambo ya barabara, kwenye uzio wa shamba la mihogo, alitoka mzee kabebelea beseni limefunikwa kitambaa. Alikuwa na miwani nene kama tako la chupa, macho ndani yake makubwa kama ya bundi, hata sikumtambua. Nilijiambia tu, yule mzee anatembea vizuri, hajashikwa na mtu. Aliruka mtaro. Akasimama ukingoni mwa barabara, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama mbele, akanitazama mimi. Muda mrefu, kama alivyokuwa akilitazama jamvi.

"Nusu!" akaita kutoka huko. "Shikamoo yangu umeiacha Dar?"

Nikasimama. Benchi likaanguka nyuma yangu. Nikasema shikamoo, nadhani, sina hakika kama ilitoka.

"Marahaba. Hospitali waliningojesha hii miwani miezi minne, nikawa nakokotwa nyumbani kama mbuzi, na wewe hukuja hata siku moja kunikokota." Lori likapita kati yetu, akangoja lipite. "Na hilo shati gani? Kifungo cha pili umekiruka. Umefunga upande."

Nikatazama chini. Kweli. Nikavifungua vyote palepale mbele za watu, nikaanza upya kuanzia chini, na nilichelewa sana kumaliza, kwa sababu sasa aliyekuwa haoni vizuri ni mimi.